Mkate wa Bi Saada na Chatu wa Mzee Msellem

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, watu watano hukutana barazani kwa Bi Rahila, pale juu ya bandari ya Wesha ambapo barabara ya Chake huanza kupanda. Msimu wa karafuu ukiwepo, huchambua: mkono mmoja unashika kikonyo, kiganja cha pili kinasukuma, karafuu zinaangukia jamvini na makonyo yanatupwa kando. Msimu ukipita, Bi Rahila huleta sinia ya mchele wachague chuya, maana nyimbo zile hazitoki mikono ikiwa imelala mapajani. Mara moja mchele ulimwishia, wakajaribu kuimba mikono mitupu, na hata kiitikio kikawapotea.

Nyimbo zenyewe ni za zamani, za kuchambulia. Wazazi wao waliziimba enzi ambazo karafuu zilijaa ua mzima na watu walitoka mpaka Micheweni kuja kuchuma. Hakuna ajuaye aliyezitunga, kwa sababu kila aliyekaa jamvini alitia lake. Kiongozi hutoa mstari, wengine wanaurudia, mstari kwa mstari, halafu wote wanaingia kwenye kiitikio:

*Chambueni, chambueni,*
*makonyo yasibakie,*
*na mwenye neno moyoni*
*alitoe tusikie.*

Na watu walitoa kweli. Mchumaji mvivu alitiwa wimboni. Mama mkwe aliyetia maji mengi kwenye uji alitiwa wimboni. Hata msimamizi aliyewahi kusinzia juu ya ngazi alitiwa wimboni, akaamka akakuta wanawake arubaini wanamwimba. Sharti lilikuwa moja tu: ukitiwa wimboni, ujibu wimboni. Ukinuna, umeshindwa.

Kiongozi wa barazani kwa Bi Rahila ni Mzee Msellem. Sauti yake hufika mpaka bandarini, na huko wapakiaji mizigo huweka magunia chini kidogo wakamsikiliza. Ila kichwa chake hakishiki maneno. Siku ya kumwozesha binti yake wa tatu alitaja jina la wa pili, ambaye tayari alikuwa na mume na watoto wawili, na shehe akalazimika kuanza upya. Kwa nyimbo ndiyo kabisa. Ubeti wa kwanza anao. Baada ya hapo anatazama juu kama mtu aliyesahau kwa nini ameingia chumbani.

Mwenye maneno ni jirani yake, Bi Saada. Bi Saada anazijua nyimbo zote, ubeti kwa ubeti, pamoja na nani alitia lipi na msimu gani. Yeye hakujaaliwa sauti. Akiimba utadhani mtu anafungua mlango wa banda la ng'ombe, na hili si masengenyo, mwenyewe husema hivyo.

Basi mwenye sauti na mwenye maneno wangekaa pamoja mambo yakaisha. Tatizo ni kwamba Bi Saada na Mzee Msellem walikuwa hawasemi. Miaka thelathini na moja. Nyumba zao zimetengwa na ua wa makuti tu, kila mmoja anajua mwenziwe amepika nini, lakini neno hakuna. Salamu walipeana, kwa kuwa kuijibu ni wajibu, ila kila mmoja aliielekeza ukutani.

Kati yao barazani alikaa Bi Siti, dada yake Mzee Msellem na shoga wa Bi Saada. Kazi ilikwenda hivi. Bi Saada alisema, bila kugeuza uso: "Mwambie huyo bwana, ni 'Asubuhi twapandia'." Bi Siti akainamia upande wa pili: "Asubuhi twapandia." Mzee Msellem akafumba macho, akaupeleka mstari mpaka bandarini. Yote hayo yalifanyika kwa kasi, na mgeni angedhani ndivyo wimbo ulivyo.

Chanzo cha kununiana kilijulikana kijiji kizima. Msimu mmoja, Mzee Msellem akiwa kijana wa nguvu, Bi Saada alileta mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele, jamvini, na mkate haukuumuka. Mzee Msellem akaumega, akatafuna, halafu akaimba papo hapo:

*Nilikaribishwa ndani,*
*nikapewa kumimina;*
*jino liko sahanini,*
*mkate u salamana.*

Ubeti ulivuma. Ulifika Kisiwa Panza kabla ya wiki kwisha. Wanawake waliuimba wakikuna nazi, watoto wakaurukia kamba. Bi Saada akanuna, na watu wakasema kanuna kwa ajili ya mkate. Tangu hapo, yeye akiwepo, ubeti ule ulirukwa.

Mwaka huu msimu ulipokaribia, Mwalimu Hudhaifa, kijana anayesomesha Kiswahili skuli ya pale kijijini, alipita barazani akasimama mpaka nyimbo zikaisha.

"Wazee wangu," akasema, "wanafunzi wangu hawajawahi kusikia hizi. Wanajua zile za kwenye simu tu. Jumamosi baada ya wiki mbili tuna siku yetu ya skuli, wazazi watakuja, na vijiji vya jirani. Njooni mchambue na mwimbe uwanjani."

"Kutakuwa na kipaza sauti?" aliuliza Mzee Msellem.

"Kitakuwepo, Mzee."

"Hakihitajiki," alisema Mzee Msellem, "lakini kiwepo."

Wote wakakubali. Siku tatu baadaye binti yake Bi Siti, aliyeolewa Unguja, akajifungua mtoto wa kiume, na Bi Siti akapanda boti na kikapu cha mihogo na tangawizi. Alipoagana nao hakuna aliyefikiria mistari itapita wapi. Walikumbuka Alhamisi iliyofuata, walipokaa na kuliona pengo katikati.

"Nitakaa mie," alisema Mabruki.

Mabruki ni mchambuaji hodari na mtu mwema kabisa, lakini sikio lake la kulia lilikufa zamani, na la kushoto linachagua. Akajisogeza katikati. Mzee Msellem akaimba ubeti wa kwanza vizuri, akafika wa pili, akatazama juu.

"Mwambie huyo bwana," alisema Bi Saada, "ni 'Mvua yatunyemelea'."

Mabruki akageuka. "Anasema mvi zakunyemelea."

Mzee Msellem akashika kofia yake. "Mvi? Mwambie zake zimeshafika siku nyingi!"

Mabruki akamgeukia Bi Saada. "Anasema nazi zimeshafika."

"Nazi gani?"

"Anauliza jani gani," Mabruki alimwambia Mzee Msellem.

Hapo Bi Rahila akaondoa sinia. Alisema wakiendelea hivyo watafika siku ya skuli na kesi.

Mwalimu Hudhaifa alipopelekewa habari alikuja na daftari. Akaomba Bi Saada amtajie beti, aziandike, Mzee Msellem asome. Bi Saada alitaja beti kumi na nne bila kupumua. Mzee Msellem akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza, akasema mwandiko wa walimu wa siku hizi haufai. Miwani anayo. Aliikalia ikavunjika Ramadhani iliyopita na hajamwambia mtu.

"Basi tumpigie Bi Siti," alisema mwalimu.

Na wakampigia. Simu ya Bi Rahila iliwekwa juu ya kigoda katikati ya jamvi, sauti imefunguliwa. Bi Saada akainama: "Siti, mwambie huyo bwana, 'Asubuhi twapandia'." Neno likavuka bahari mpaka Unguja, likamfika Bi Siti akiwa na mjukuu mapajani, likarudi kwa sauti ya Bi Siti: "Asubuhi twapandia." Mzee Msellem, aliyekaa dhiraa moja tu kutoka kwa Bi Saada, akalipokea akaliimba. Mabruki na Bi Rahila wakarudia. Mstari wa pili ukapita vilevile. Mwalimu Hudhaifa akapiga makofi.

Kufika mstari wa tatu, mtoto wa Unguja akaanza kulia.

"Nyamaza, mwanangu, nyonya," alisema Bi Siti kwenye simu.

"*Nyamaza, mwanangu, nyonya!*" aliimba Mzee Msellem, macho kayafumba, sauti imejaa, na mwishoni akaupinda mstari kwa madoido ambayo hajawahi kuyatia popote.

Na kwa kuwa sharti ni kurudia, Mabruki na Bi Rahila wakarudia.

Kule Unguja Bi Siti alicheka mpaka simu ikakatika. Bi Rahila alijifunika kanga usoni. Mwalimu alitoka nje ya baraza akashika mti. Mzee Msellem akafumbua macho, akauliza, "Kwani nimekosea wapi? Ndivyo nilivyoambiwa."

Bi Saada peke yake hakucheka. Aliacha kuchagua mchele. Alimtazama Mzee Msellem uso mzima, na wenzake baadaye walisema hawakumbuki lini mara ya mwisho alimtazama hivyo. Halafu akainama tena kwenye sinia.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa skuli ulijaa: wanafunzi kama mia tatu chini ya kivuli cha maturubai, wazazi kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, na mbele kabisa jamvi kubwa na fungu la karafuu mbichi zilizochumwa asubuhi ile. Harufu yake ilitosha kuwatia machozi wazee. Kipaza sauti kilisimamishwa mbele ya Mzee Msellem, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Wajukuu zake wanne walikaa mstari wa mbele wakawaonyesha wenzao kwa vidole: babu yetu yule.

Bi Rahila akampigia Bi Siti. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Baadaye ilijulikana kuwa Bi Siti alimpeleka mtoto kupimwa uzito akaiacha simu inachajiwa, lakini wakati ule waliona giza tu.

"Tumbo langu haliko sawa," Mzee Msellem alimnong'oneza Bi Rahila. "Mie nirudi nyumbani."

"Wajukuu zako wale wanakuangalia."

Mzee Msellem akawaangalia, akabaki.

Bi Saada akanyanyuka alipokuwa amekaa. Akakusanya buibui lake, akasogea, akakaa pale pale mahali pa Bi Siti, bega lake likiwa upana wa kiganja kutoka bega la Mzee Msellem. Wazazi waliowajua wakaacha mazungumzo.

Mwalimu Hudhaifa akawakaribisha kwa maneno marefu, kisha wimbo ukaanza. Mzee Msellem alipotoa mstari wa kwanza, wanafunzi walishtuka. Nadhani hawakujua kuwa mtu mzima anaweza kutoa sauti ile bila mashine. Wakaambiwa warudie, wakarudia kwa haya. Kiitikio cha kwanza kilikuwa cha wazee peke yao. Cha pili kilipofika, watoto mia tatu walikuwa wamekishika, na mikono ya wale waliokaa karibu na jamvi ilianza kunyoosha vidole kwenye fungu la karafuu, ikachambua.

Halafu ubeti wa pili. Mzee Msellem akatazama juu. Turubai lilikuwa la bluu, na halikuwa limeandikwa kitu.

Mabruki akakohoa.

"Asubuhi twapandia," alisema Bi Saada, sikioni mwake.

Mzee Msellem akakaza shingo. Hakugeuka. Lakini neno liliingia sikioni likatokea mdomoni, kama kawaida yake, na baada ya hapo hapakuwa na pengo tena. Bi Saada alitoa, Mzee Msellem akapeleka, watoto wakarudisha. Mabibi waliokaa kwenye mikeka walikumbuka nyimbo ambazo walidhani wamezisahau. Mmoja alianza kulia huku akichambua, akaulizwa analilia nini, akajibu kuwa hajui, ila wimbo huu mama yake aliuimba akiwa na mimba ya mdogo wake. Mzee mmoja kutoka Chake alisimama akacheza hatua tatu, goti likamkumbusha umri, akakaa.

Waliimba nyimbo tano. Ya sita ikianza, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, kwenye mikeka: "Mkate!"

"Mkate!" akaitikia mwingine. "Tupeni ule wa mkate!"

Watoto, ambao waliujua ubeti ule kwa kurukia kamba bila kujua ulitoka wapi, wakapokea: "Mkate! Mkate!"

Mzee Msellem akatikisa kichwa. Kwa mtu mwenye sauti ile, alionekana mdogo ghafla. Bi Rahila akataka kuinuka amwombe mwalimu awanyamazishe.

"Imba," alisema Bi Saada.

Hapo Mzee Msellem akageuka. "Ati?"

"Imba. Nilikaribishwa ndani."

Mistari yote minne alimpa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, bila kubadili hata herufi. Uwanja ukacheka mpaka turubai likatikisika. Watu walimwangalia Bi Saada waone uso wake, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesubiri maji yachemke. Kiitikio kikaimbwa. *Na mwenye neno moyoni, alitoe tusikie.* Kabla hakijapoa, akainamia sikio la Mzee Msellem.

"Fundi yuko kileleni."

Mzee Msellem akaupenda mstari ule. Alidhani anasifiwa. Akatanua kifua, akautoa kwa fahari, "*Fundi yuko kileleni!*" na watoto mia tatu wakaurudisha.

"Kamba chatu kaiona."

"*Kamba chatu kaiona!*" Mwishoni mwa mstari sauti yake iliyumba kidogo. Kwenye viti, wazee wawili waliokuwepo msimu ule wa zamani wakashikana mikono.

"Alipofika jamvini."

Sasa Mzee Msellem alishajua. Walioketi karibu waliona macho yake yakifumbuka yote mawili. Lakini mdomo wake una kazi moja tu tangu azaliwe, na watoto walikuwa wameshaurudisha mstari wa pili na walikuwa wakimtazama, na kiitikio kilikuwa njiani. Hakuna mwimbaji anayeuacha ubeti katikati. "*Alipofika jamvini,*" akaimba, kwa huzuni.

"Kashuka, shuka hakuna."

Na akauimba. Mzee Msellem mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya kipaza sauti ambacho hakukihitaji.

Kicheko kilichozuka hakielezeki. Waliojua habari ile walikuwa wachache, na kwa miaka yote hiyo walisimuliana kwa siri tu. Ilikuwa hivi: siku ya pili baada ya ubeti wa mkate kuvuma, Msellem alikuwa juu ya mkarafuu akichuma, akaona kitu kimejizungusha kwenye tawi. Akapiga ukelele mmoja, akajiachia mpaka chini, akatua katikati ya jamvi la wachambuaji. Shuka aliyojifunga kiunoni ilibaki juu, imenasa. Bi Saada alikuwa mmoja wa wachambuaji hao. Watoto na wajukuu wa Mzee Msellem waliambiwa habari nyingine kabisa, ya chatu mnene kama gogo ambaye babu alipambana naye mtini.

Kiitikio kiliimbwa mara tatu kwa sababu hakuna aliyeweza kukimaliza. Kilipokwisha, Mzee Msellem alimgeukia Bi Saada, na katika kugeuka akasahau kilichokuwa mbele ya mdomo wake.

"Alikuwa chatu!" alisema, na spika zote nne za uwanja zikasema.

"Ilikuwa kamba," alisema Bi Saada.

"Alikuwa chatu, Saada! Nilimwona macho!"

"Ilikuwa kamba ya mbuzi wangu. Uliichukua wewe mwenyewe kufungia ngazi, na mie niliitafuta siku mbili."

Mzee Msellem akafikiri. "Na yale macho?"

"Mafundo."

Mjukuu wake wa kike, wa darasa la tatu, akasimama mstari wa mbele. "Babu," aliuliza kwa sauti ya kusikitika, "ulisema ulimkata kichwa."

Baada ya hapo ratiba ya Mwalimu Hudhaifa haikuwa na maana tena. Kulikuwa na hotuba ya mzazi na zawadi za mtihani, zote zilisogezwa. Bi Rahila alikishika kipaza sauti akawaeleza watoto sharti la zamani, kwamba aliyetiwa wimboni hujibu wimboni, na kwamba kule jamvini watu waliambiana mambo ambayo uso kwa uso yangevunja nyumba, halafu wakanywa uji pamoja. Hajamaliza, msichana wa darasa la saba akanyoosha mkono, akapewa nafasi, akaimba:

*Mwalimu wetu ni mwema,*
*kengele haisikii;*
*matumbo yanatuuma,*
*naye bado hatwachii.*

Mwalimu Hudhaifa akawa mwekundu masikioni. Akaanza kusema kwamba nidhamu ni kitu muhimu, akina mama wakampigia kelele: "Ananuna! Ananuna!" Akaomba apewe mpaka Jumatatu atunge jibu. Akapewa.

Jioni, kabla ya magharibi, Bi Saada alikuwa uani kwake akiokota kuni. Mzee Msellem akasimama upande wake wa ua wa makuti. Alikuwa bado na kanzu yake.

"Bi Saada."

"Naam."

Neno lenyewe liliwashangaza wote wawili.

"Ubeti ule umeutunga lini?"

"Siku ileile uliyoanguka."

"Miaka yote hii umekaa nao?"

"Ningeupeleka wapi?"

"Si ungeuimba! Uliponuna mie nilidhani umekosa jibu. Nilidhani mkate umekuuma."

Bi Saada akaziweka kuni chini. "Mkate ulikuwa mgumu kweli. Hamira ilikuwa mbovu. Mie mwenyewe niliucheka nilipofika nyumbani." Akapangusa mikono. "Na niliimba, Msellem. Jioni ile niliinuka, nikatoa mstari wa kwanza. Watu wakacheka sauti kabla maneno hayajafika. Na weye ulicheka zaidi ya wote. Ndipo nilipokaa."

Mzee Msellem alishika kuti moja la ua, akalipinda, akalinyoosha.

"Sikumbuki," alisema.

"Najua hukumbuki."

"Wallahi sikumbuki. Lakini kama nilicheka, nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu saa kumi na moja. Uliuimba vizuri." Kisha, kwa kuwa Bi Saada ni Bi Saada, akaongeza: "Ila kwenye 'hakuna' ulivuta mno."

"Nilivuta kwa sababu nilikuwa nakufa!"

Akacheka, na Bi Saada akacheka, na mke wa Mzee Msellem akatoka jikoni na upawa mkononi kuangalia kuna nini.

Bi Siti aliporudi kutoka Unguja na habari nyingi za mjukuu, alikuta barazani hakuna pengo. Alisimama kidogo, akaenda kukaa kando ya Mabruki, akalalamika mpaka magharibi kwamba ametoka wiki mbili tu watu wamepatana bila ruhusa yake. Alisema tena kwamba zamani wakati wananuniana angalau nyimbo zilimalizika. Sasa hazimaliziki, maana kila ubeti lazima wabishane nani aliutia na mwaka gani.

Na siku iliyofuata, asubuhi, Mzee Msellem aliita tena juu ya ua.

"Bi Saada! Sharti ni kujibu, na mie sijajibu ule wa kamba. Nimepata. Ni juu ya redio yako."

"Redio yangu ina nini?"

"Inaanza kabla ya adhana. Sikiliza: *Redio inapowaka, kuku wahama kijiji.*" Akatazama juu. "Palikuwa na wa tatu. Jana nilikuwa nao."

Bi Saada akakunja uso. Angeweza kuingia ndani akamwacha pale na mistari yake miwili. Lakini mistari miwili mizuri bila mwisho ilimkera kuliko tusi lolote. Akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akatazama miguu yake, midomo ikahesabu.

"*Hata jogoo kachoka,*" alisema mwishowe.

"Kachoka. Ehe. Halafu anafanya nini?"

"Ngoja, usiniharakishe." Akapiga paja kwa kiganja, mara nane. "*Hajioni na kipaji.*"

Mzee Msellem akarudia ubeti mzima kwa sauti ya chini, na jogoo wake mwenyewe akapita kati yao akielekea jalalani. Wakamtazama mpaka akapotea nyuma ya banda.

"Huo ni mzuri," alisema Mzee Msellem. "Utaniumiza mie kuliko weye. Mie nimeufikiria siku mbili, weye umeumaliza umekaa."

"Alhamisi uuimbe," alisema Bi Saada, akinyanyuka, "na mie nitakujibu."

Akaingia ndani, akaongeza sauti ya redio.